Bomba Halijitoboi

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu bomba jembamba la chuma linalopita chini ya gari lenye gia otomatiki, likitoka kwenye giaboksi kwenda kwenye rejeta, pamoja na pacha wake anayerudi. Wenye magari wengi hawajawahi kuliona, kwa sababu ili ulione ni lazima uingie kwenye shimo la gereji au ulale chali chini ya gari. Siku linapovuja, fundi huitwa, tone huzibwa, hela hutolewa, gari huondoka. Baada ya wiki chache tone hurudi, palepale au mkono mmoja mbele yake. Hoja yangu ni kwamba bomba halijitoboi. Kuna kitu kimelitoboa, na matengenezo yasiyokigusa kitu hicho hayajatengeneza gari. Tena nitadai kwamba mazoea haya ya kuziba na kuondoka hayatokani sana na uchache wa ujuzi wa mafundi wetu. Yanatokana na jinsi tunavyowalipa, na jinsi mwenye gari na dereva wake wanavyogawana gharama.

Huenda msikilizaji wa Karatu akauliza jambo hili linamhusu vipi, kwa kuwa magari ya Ngorongoro tunayajua: Land Cruiser ndefu za watalii, paa linafunguka, gia za mkono. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya magari hayo yana gia za mkono, na giaboksi ya namna hiyo kwa kawaida haina bomba hili. Lakini magari yanayowabeba wenyeji ni mengine. Noah zinazokwenda Rhotia, Mbulumbulu, Endabash na Mang'ola, Rav4 ya mwalimu mkuu, Harrier ya mfanyabiashara wa vitunguu, Prado ya mkandarasi: haya kwa wingi wake yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na kwa wingi huohuo ni ya otomatiki. Noah zile za mwaka 1996 hadi 2001 zina injini chini ya viti vya mbele huku rejeta ikiwa mbele kabisa, kwa hiyo mabomba ya mafuta ya giaboksi husafiri chini ya gari, mahali ambapo kila jiwe na kila tope hupita. Hata ulimwengu wa utalii unaanza kugeuka: mwaka 2023 Toyota ilitangaza toleo la Land Cruiser 70 lenye injini ya lita 2.8 na giaboksi ya otomatiki ya gia sita. Kwa hiyo bomba hili linakuja hata kwa wale waliodhani haliwahusu.

Kwanza tuelewe bomba linabeba nini. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki, yale mekundu ambayo mafundi huyaita haidroliki, yanafanya kazi tatu kwa pamoja. Yanalainisha vyuma. Yanabeba joto. Na yanasukuma: ndani ya giaboksi sahani za klachi hubanwa na shinikizo la mafuta hayohayo, ndipo gari linapata gia. Kati ya injini na giaboksi kuna konveta, na humo nguvu ya injini hupitishwa na mafuta yanayozungushwa kwa kasi. Gari likipanda mlima polepole likiwa na mzigo, konveta hugeuza sehemu ya nguvu hiyo kuwa joto. Joto hilo ndilo linalosafiri kwenye bomba letu hadi kwenye kipoozeo kidogo kilichofichwa ndani ya rejeta, likaachwa humo, na mafuta yakarudi yakiwa yamepoa. Watengenezaji wa giaboksi wana kanuni ya kukadiria ambayo imetumika kwa miaka mingi: mafuta yakizidi nyuzi 80 hivi, kila nyongeza ya nyuzi kama 10 hupunguza maisha yake kwa nusu. Si hesabu ya maabara, lakini inaonyesha jinsi hasara inavyokimbia. Mafuta yakipungua, pampu hunyonya hewa, mafuta yanatoka povu, shinikizo linashuka, sahani zinateleza, na kuteleza kunazalisha joto jipya. Tatizo linajilisha lenyewe.

Sasa chukua elimu hiyo uiweke kwenye barabara yetu. Mto wa Mbu uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Karatu mjini ni karibu mita 1,500. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Gari lililotoka chini ya ukuta wa Bonde la Ufa hupanda zaidi ya mita 1,200 kabla halijafika ukingoni, na likishuka kwenye sakafu ya kreta linakuwa limejiwekea deni la kupanda tena karibu mita 600, kwa njia ya mwinuko mkali na gia ya chini. Kwenye mwinuko kama huo mafuta ndani ya sampu hujikusanya nyuma. Giaboksi iliyopungukiwa lita moja, ambayo kwenye tambarare ya Makuyuni ilikuwa bado inavumilia, hapa mdomo wa kunyonyea hubaki wazi na pampu ikameza hewa. Ndiyo maana dereva huapa kwamba gari lilikuwa zima mpaka Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro. Halikuwa zima, lilikuwa halijaulizwa swali gumu.

Kuna pingamizi la haraka hapa: ukingoni ni baridi, asubuhi kuna ukungu, watu wanavaa makoti, hilo joto linatoka wapi? Pingamizi hili lina ukweli wa nusu. Hewa baridi husaidia rejeta. Lakini hewa ya mita 2,200 na kitu ni nyepesi, pungufu kwa takriban sehemu moja ya tano ukilinganisha na ya Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi inayopita kwenye rejeta hubeba joto pungufu kuliko unavyodhani. Tena maji yasiyobanwa huchemka mapema juu ya milima. Kwenye ukingo huchemka kabla ya kufika nyuzi 93. Rejeta ikiwa na kifuniko kilichochoka kisichobana, injini itachemsha mapema, na mafuta ya giaboksi yanayotegemea maji hayohayo kupoa hayatapata nafuu. Ngozi ya abiria inasikia baridi; konveta iko katika hali yake nyingine kabisa.

Tuje kwenye tone lenyewe, kwa kuwa udogo wake ndio unaotudanganya. Chukua tone moja kwa kila sekunde. Kwa saa ni matone 3,600. Ukikadiria kwamba matone 20 hadi 30 hufanya mililita moja, utapata kati ya mililita 120 na 180 kwa saa, yaani lita nzima ndani ya saa sita hadi nane za kuendesha. Giaboksi nyingi za magari madogo hubeba lita sita hadi nane kwa jumla, na nafasi kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti cha kupimia mara nyingi ni nusu lita au pungufu. Siku moja ya kwenda Arusha na kurudi inatosha kulitoa gari kwenye usalama. Halafu bomba hili lina hila: mafuta yake husukumwa na pampu injini inapowaka, kwa hiyo gari likilala, uvujaji hupungua au hukoma. Dereva anayekagua chini ya gari alfajiri huona matone mawili matatu akasema si kitu. Na mafuta ya giaboksi, tofauti na ya injini, hayaungui kazini kwa kawaida. Yakipungua, yametoka. Kuongeza lita kila wiki ni kukiri kwamba yanatoka, kisha kuendelea na safari.

Basi ni nini hutoboa bomba? Hapa ndipo kiini cha hoja, kwa kuwa kila sababu inadai tiba yake. Sababu ya kwanza ni kusuguana. Bomba limeshikiliwa na vishikizo vidogo kwenye mwili wa giaboksi au fremu. Giaboksi ikiwahi kushushwa, kishikizo kimoja kisirudishwe, bomba huanza kucheza. Lami inaishia lango la Lodoare. Ukishaingia kwenye changarawe yenye mikunjo midogo midogo isiyokwisha, bomba lililolegea husugua chuma jirani maelfu ya mara kwa kilomita chache mpaka limeng'aa, likachubuka, likatoboka. Sababu ya pili ni mipira inayobeba injini na giaboksi. Ikioza, injini hutikisika kila unapokanyaga mafuta, na bomba gumu huvutwa shingoni mpaka linapata ufa kwenye nati. Sababu ya tatu ni vipande vifupi vya mpira vinavyounganisha chuma na rejeta: hukauka kwa joto na kupasuka, hasa pale bati la kukinga joto la ekzosi lilipong'olewa kwa kuwa lilikuwa linapiga kelele. Ya nne ni klipu iliyokazwa kupita kiasi mpaka ikakata mpira. Ya tano ni kutu, na gari linalofanya kazi Mang'ola, kwenye matope yenye chumvi kandokando ya Ziwa Eyasi, lina sababu ya kuihofia. Ya sita ni jiwe. Sasa fikiria fundi anayeziba tundu lililotokana na mpira wa injini uliooza. Ameziba vizuri, hata kitaalamu. Injini itatikisika kesho na kuvuta bomba jingine. Methali inatuhimiza tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta, lakini haikutukataza kuuliza kama msingi unadidimia.

Kutafuta sababu kunahitaji utaratibu, na utaratibu ni muda. Upepo wa safari hutupa mafuta nyuma, kwa hiyo mahali palipolowa zaidi mara chache ndipo penye tundu. Ni lazima chini paoshwe, pakaushwe, injini iwashwe mpaka ipate joto, kisha fundi afuate ulowevu kuelekea mbele na juu hadi mahali pa kwanza palipo kavu. Ni lazima athibitishe kwamba mafuta mekundu hayatoki kwenye usukani wa haidroliki, maana magari mengi hutumia mafuta ya rangi hiyohiyo huko. Ni lazima atazame maji ya rejeta: yakiwa na rangi ya maziwa ya waridi, kipoozeo kimetoboka ndani, na hapo kubadilisha bomba la nje ni kupoteza hela. Kazi yote hii hufanyika kabla spana haijagusa nati.

Na matengenezo yenyewe? Sisemi kwamba ni lazima kila mara bomba jipya litoke Arusha, umbali wa kilomita 140 hivi. Bomba lililotoboka katikati, mahali palipo mbali na ekzosi, linaweza kukatwa kipande na kuunganishwa kwa mpira, mradi ncha za chuma zitengenezewe mdomo uliovimba ili mpira usichomoke, mpira uwe wa mafuta ya giaboksi yenye joto, na kazi yote ifungwe isiguse chochote. Hiyo ni kazi halali, na gereji nyingi za mjini Karatu zinaiweza. Kisichofaa ni mpira wa maji, ambao mafuta huulainisha na kuuvimbisha. Kisichofaa ni bomba la shaba la friji, kwa sababu shaba huwa ngumu kwa mtikisiko na kukatika. Kuchomelea bomba likiwa garini huacha taka ndani yake, na taka hizo zitasafiri kwenda kwenye kipoozeo au kwenye giaboksi. Gundi ya chuma haishiki juu ya chuma kilicholowa mafuta na kinachopata moto na kupoa kila siku. Baya kuliko yote ni kuunganisha bomba la kwenda na la kurudi bila kupitia rejeta. Uvujaji unakoma papo hapo, mteja anafurahi, na giaboksi imeondolewa kipoozeo chake. Kazi ikiisha, mafuta yaongezwe ya aina inayotakiwa na giaboksi hiyo, kisha yapimwe mahali tambarare, injini ikiwa inawaka na ina joto, baada ya kupitisha gia zote.

Kama mambo haya yanajulikana, na mafundi wengi wanayajua, kwa nini hayafanyiki? Tazama mapatano yanavyokwenda. Mteja anafika, anaonyesha tone, anauliza bei ya kuzuia tone. Fundi akitumia saa nzima kuosha na kufuatilia, kisha akakaza nati kwa dakika kumi, mteja atasema: umekaza nati tu, unataka kiasi gani? Saa ya akili hailipwi. Dakika za spana ndizo zinazolipwa. Fundi mwenye familia hujifunza haraka kwamba kutafuta chanzo ni hasara, na kwamba kazi inayorudi baada ya wiki tatu ni kipato kingine. Hajawa mwizi. Amesoma bei tulizomwekea.

Upande wa pili ni mapatano ya mwenye gari na dereva. Dereva wa Noah humpelekea mwenye gari hesabu ya kila siku, na mara nyingi makubaliano yao ni kwamba matengenezo madogo ni ya dereva na makubwa ni ya mwenye gari. Linasikika kama jambo la haki, lakini angalia linavyofanya kazi kwenye bomba letu. Bomba linalovuja ni dogo: la dereva. Giaboksi iliyoungua ni kubwa: ya mwenye gari. Anayeweza kuzuia hasara analipa kutoka mfukoni mwake, tena kwa kupoteza siku ya hesabu, na faida ya uangalifu wake inakwenda kwa mwingine. Mkataba wa namna hiyo unamlipa dereva ili aongeze mafuta na anyamaze. Ukiongeza wa tatu ambaye hakuitwa kwenye mapatano, yaani udongo na chemchemi zinazopokea mafuta hayo, hasara inazidi kuwa ya wengine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema anayechafua ndiye anayepaswa kubeba gharama, lakini tone la barabarani halina mwenyewe.

Najua mtu atasema: ukianza kulipa ukaguzi, mafundi watazusha ubovu usiokuwepo. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni ushahidi. Sababu za uvujaji huu zinaonekana kwa macho. Bomba lililosuguliwa lina alama inayong'aa. Mpira wa injini uliooza unaonekana injini ikinyanyuliwa kwa mtaimbo. Fundi anayedai malipo ya ukaguzi akuonyeshe, na kifaa cha zamani akukabidhi mkononi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Fundi mwenye cheti na mwenye kuonyesha ushahidi ana haki ya kutoza saa ya uchunguzi kama daktari anavyotoza ya kumwona mgonjwa.

Mwingine atasema hela haipo, na kiraka cha jirani yake kina miaka miwili hakijavuja. Viraka vinavyodumu vipo, nami sikatai. Lakini ukivichunguza utakuta kwa kawaida vimedumu kwa sababu chanzo kiliondoka chenyewe: tundu lilitokana na jiwe, na jiwe halikurudi. Kiraka hicho hakithibitishi kwamba viraka vinatosha. Kinathibitisha kwamba sababu ndiyo inayoamua. Kuhusu hela, linganisha bila kificho: mpira wa nusu mita, klipu nne, kishikizo kimoja na saa mbili za fundi, dhidi ya giaboksi iliyotumika, usafiri wake kutoka Arusha, kuishusha na kuipandisha, na siku ambazo gari halikuleta hesabu. Mwenye kipato kidogo ndiye asiyeweza kumudu gharama ya pili hata kidogo.

Pingamizi zito zaidi ni la dharura. Gari limeanza kumwaga mafuta ndani ya hifadhi, saa 12 jioni inakaribia na kila gari linatakiwa liwe limetoka kwenye kreta, nyati wako kichakani, na huruhusiwi kushuka ovyo. Hapo hakuna wa kukupa somo la vishikizo. Ziba kwa chochote kitakachokutoa, angalia mafuta yasidondokee ekzosi yakawaka, ongeza uliyonayo, panda taratibu. Lakini kiraka cha dharura kiwe na mwisho unaojulikana: gereji ya kwanza mjini. Ubovu wetu haupo kwenye kukifunga; upo kwenye kukisahau kwa sababu tone limekoma.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la mapatano zaidi kuliko la spana. Mwenye gari, ondoa kila uvujaji kwenye orodha ya matengenezo madogo ya dereva; ulipie wewe, na siku ya gereji isihesabiwe kama siku ya hesabu. Dereva, ripoti mara ya kwanza unapoongeza mafuta, si mara ya tano. Fundi, taja bei mbili tangu mwanzo, ya kutafuta na ya kutengeneza, na usipokee ya pili bila ya kwanza. Na wewe mteja, kabla hujatoa hela usiulize tu kama tone limekoma. Uliza ni nini kilichotoboa, na uonyeshwe. Kama fundi hana jibu, kazi haijakwisha, hata kama chini ya gari ni pakavu.